Dumu la Njano na Dumu la Buluu

Siku ile mjinga alikuwa Mjomba, na hilo halina ubishi, maana wa kwanza kulisema ni yeye mwenyewe. Husimulia kwamba maishani amewahi kuuziwa baiskeli isiyo na mnyororo akaambiwa ndiyo mtindo mpya, amewahi kuchimba kisima kwenye mwamba wiki tatu nzima kwa kumwamini mtu mwenye kijiti cha kutafutia maji, na amewahi kumpigia saluti mlinzi wa benki akidhani ni kanali. Lakini ujinga wa siku ile ya saba, anasema, ulikuwa umesoma hadi chuo kikuu.

Pale kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kila mtu alimwita Mjomba, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa kituo, kwa sababu Daktari alimwita hivyo. Kwa Daktari halikuwa jina la kupachika. Mama yake na huyu mzee walinyonya ziwa moja, na mama alipofariki, binti akiwa na miaka tisa, Mjomba ndiye aliyembeba na begi lake la shule akampeleka nyumbani kwake, penye chumba kimoja na banda la kuku lililokuwa zuri kuliko chumba.

Kuku mia mbili walikuwamo bandani humo mwaka ule ugonjwa wa mdondo ulipoingia. Siku ya kwanza walikufa sita, ya pili hamsini, na ya nne akabaki mmoja, naye kiguru. Binti, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alisaidia kuwabeba hadi shimoni huku akiuliza maswali. Akaambiwa chanjo ipo, ila inataka baridi na inataka kuwahi, na wao hawakuwa na jokofu wala hawakuwahi. Akauliza basi dawa ya wale waliokwisha kuugua iko wapi. Mjomba akajibu kwamba haipo. Binti akasema atakwenda kuitafuta, na Mjomba akacheka, mara yake ya mwisho kucheka wiki ile.

Miaka ikapita, binti akawa Daktari wa wanyama, na kweli akawa anaitafuta. Aliitafuta kwenye majani ya mwarobaini: akayakausha kivulini, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akavukiza, akachuja tena, hadi gunia zima la majani likabaki unga wa kujaza kikombe. Aliujaribu kwanza kwenye mayai yenye vifaranga tumboni, virusi vikaonekana kulegea. Miaka minne ya kazi ikafika mahali ambapo yai halitoshi tena, anatakiwa kuku mzima. Akapewa banda moja, kuku arobaini, na siku saba. Zikileta jibu, kazi inaendelea. Zisipoleta, banda linakwenda kwa watu wa samaki, ambao walikwisha kuja kulipima urefu kwa futi.

Mhudumu wa kuku aliyemwomba ni mmoja tu, mjomba wake, na mkuu wa kituo alikubali kwa shingo upande.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuutazama. Kuku wote arobaini waliwekewa virusi vya mdondo, tone moja moja jichoni. Ishirini walivishwa pete ya njano mguuni, ishirini ya buluu, na wavu ukawatenganisha katikati ya banda. Kwenye stoo yakakaa madumu mawili, moja la njano na moja la buluu, yote yana maji ya kijani yaliyofanana kama mapacha. Dumu moja lilikuwa na dawa. La pili lilikuwa maji ya bomba yaliyotiwa rangi ya kijani ya kupambia keki. Lipi ni lipi, Mjomba hakuambiwa, na Daktari mwenyewe hakujua. Aliyechanganya ni mkuu wa kituo, akaandika kwenye karatasi, akaifunga kwenye bahasha, akaiweka mfukoni.

Mjomba alipouliza usiri wote huo ni wa nini, kwani wanaiba kura, Daktari alimjibu jambo ambalo angelisikiliza vizuri tusingekuwa na hadithi. Alisema, "Ukijua, Mjomba, mkono wako nao utajua. Utamshika huyu vizuri kuliko yule."

Mjomba akasema mkono wake haujui hata kuandika, utajua nini.

Siku ya kwanza asubuhi akaingia stoo kuchukua dozi. Sasa, Mjomba alikuwa na tabia ya miaka arobaini: hakumpa kuku kitu ambacho hajakionja. Pumba alionja, mashudu alionja, dagaa wa kusaga alionja akatema, kwa sababu wauza chakula wa mifugo waliwahi kumuuzia vumbi la mbao lililotiwa chumvi. Ulimi ndio ulikuwa maabara yake. Basi akafungua dumu la buluu, akachovya kidole, akalamba. Maji. Akafungua la njano, akachovya, akalamba, na uchungu ukampanda hadi masikioni. Alikunywa chai ya vikombe vitatu na bado akakunja uso kama mtu aliyesomewa hukumu.

Alipotoka stoo alikuwa mtu mwingine. Kidole kimoja kilikuwa kimemwonyesha kuku ishirini wa kufa.

Siku ile ya kwanza alifuata maagizo. Bomba la sindano lisilo na sindano, mililita mbili kooni asubuhi, mbili jioni, njano kwa njano, buluu kwa buluu. Lakini kwenye upande wa buluu kulikuwa na tetea mweupe aliyemwita Bi Harusi, kwa kuwa hakukanyaga kinyesi bila kuinua mguu juu. Jioni Bi Harusi alikuja mwenyewe mikononi mwake, akafungua mdomo, akasubiri dozi. Mjomba akampa maji ya rangi ya keki. Alikwenda kulala na sura ya yule tetea, na nyuma yake kuku mia mbili wakiwa wamepinda shingo.

Alijua vizuri kwamba siku ya saba wote, wazima na wagonjwa, wangechinjwa na kuchomwa, maana kuku aliyewekewa virusi hatoki hai kwenye banda lile. Hilo halikumsumbua. Kuku kuchinjwa ni kuku kuchinjwa. Alichoshindwa ni kumtazama akizunguka kwenye maranda ya mbao ya sakafuni siku tatu akitafuta shingo yake mwenyewe.

Siku ya pili akapata akili, yaani akaipoteza. Akampa kila kuku mililita moja ya njano na moja ya buluu. Wote arobaini, asubuhi na jioni. Madumu yakashuka sawasawa kama yalivyotakiwa, daftari likakubali, na Mjomba akatembea kituoni siku tano akipiga mluzi, akimtania mfagizi na kumwambia mlinzi wa getini kwamba usingizi wake ungetosha kuendeshea kiwanda.

Mluzi ulikoma siku ya saba, saa mbili asubuhi.

Daktari alikuwa amechuchumaa kwenye maranda, glavu mkononi, akisoma pete za kuku wawili waliokutwa wamekufa. Aliinuka, akapitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akahesabu kwa kidole, akarudia. Kisha akamwonyesha Mjomba mstari wa chini. Waliokufa wote ni kumi na mmoja: njano sita, buluu watano.

Mjomba akasema kumi na mmoja tu, mbona ni ushindi. Daktari akamtazama kama anayemtazama mtu anayesherehekea mazishi. Akamweleza taratibu kwamba idadi ya waliokufa haimwambii lolote. Kinachomwambia ni tofauti kati ya pande mbili. Sita kwa watano maana yake, upande wowote wenye dawa, dawa imefanya kazi ya maji. Miaka minne imefanya kazi ya maji.

Ndipo Mjomba alipoelewa alichokifanya. Alikuwa amefikiri kwamba anaiba kidogo kutoka kwa kuku. Hakuwahi kufikiri kwamba wizi wenyewe ungeonekana hivi, kama dawa isiyofaa.

"Mkuu anakuja saa sita," Daktari akasema. "Anafungua bahasha, anasaini, basi."

Kwa saa nne hizo za kungoja Mjomba alifagia banda mara tatu. Alibadilisha maji ya beseni la kukanyagia mlangoni, ambayo yalikuwa yamebadilishwa asubuhi. Alimwinua Bi Harusi, aliyekuwa hai lakini shingo imeanza kulala upande, akamweka chini, akamwinua tena. Kila alipofungua mdomo kusema, Daktari alikuwa ameinamia daftari, na kisogo chake kilikuwa kile kile cha mtoto wa miaka kumi na miwili pale shimoni. Akisema, atafukuzwa, hilo alilizoea, amefukuzwa na watu wenye vyeo zaidi. Lakini akisema, watu watauliza pia ni nani aliyemleta ndugu yake kwenye kazi ya siri. Asiposema, dawa inamwagwa chooni. Alipima hivi, akapima vile, na kwa kuwa siku ile ilikuwa zamu ya ujinga, akachagua njia ya tatu: ataomba siku zaidi bila kueleza kwa nini.

Mkuu wa kituo akafika saa sita kamili. Alikuwa mtu nadhifu, ovaroli ya wageni ikimbana tumboni, mabuti ya mpira yakimwogopesha kuliko virusi. Akasikiliza hesabu amesimama. Kisha akatoa bahasha mfukoni, akaipiga piga kwenye kiganja, na kusema kwa upole kwamba haoni haja ya kuifungua. Sita, watano; iwe njano, iwe buluu, habari ni ile ile. Alisikitika kwa dhati. Jumatatu watu wa samaki wangeleta matangi yao.

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Hakulia, na hilo ndilo lililomkata Mjomba maini.

"Mkuu, na wewe huna subira," akaanza, akijaribu kucheka. "Hata sufuria ya maharage hupewa muda. Kuku ishirini wanawekewa mdondo jichoni, wanapewa dawa, wanakufa sita tu? Mimi nimezika mia mbili kwa siku nne. Sita ni neema. Hiyo ni dawa, mtu asikudanganye."

Mkuu wa kituo alikuwa anatabasamu kwa adabu. Daktari hakutabasamu. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

"Sita ni wa njano," akasema.

"Ndiyo, wa njano."

"Nani kakwambia dawa iko kwenye njano?"

Kuku mmoja wa nyuma alikuwa akipumua kwa mdomo wazi, akikoroma kama mlango usiotiwa mafuta. Mjomba akasema amekisia tu. Mtu ana haki ya kukisia, njano si inafanana na dawa, hata vidonge vingi ni vya njano. Aliongeza maneno, na kila alilolisema lilizidi kumfunga. Daktari akanyoosha mkono kwa mkuu wa kituo bila kumwangalia. Bahasha ikachanwa. Mkuu akasoma karatasi, akaigeuza ili waione: njano.

"Mjomba," Daktari akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulianza siku ya ngapi?"

Angeweza kukana. Alikuwa na uzoefu wa kukana, amewahi kukana hadi umri wake. Badala yake akavua kofia.

Alisema siku ya kwanza alionja. Siku ya pili aligawa. Alieleza yote, moja ya njano na moja ya buluu, asubuhi na jioni, jinsi madumu yalivyoshuka sawa, na jinsi Bi Harusi alivyofungua mdomo. Alieleza hata vikombe vitatu vya chai. Alipomaliza, mkuu wa kituo alikuwa amesahau mabuti yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Lakini huyo mkuu alikuwa mtu wa ripoti, na mtu wa ripoti hukaa chini akiwaza kichwa cha habari. Baada ya muda akasema kwamba, tukitazama vizuri, pengine hili si baya. Arobaini wamewekewa virusi, wamepata nusu dozi, ishirini na tisa wako hai. Nusu dozi. Inaweza kuandikwa hivyo, iandikwe kama ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo, na wakubwa wakaipokea kwa mikono miwili.

Mjomba akaliona tundu la kutokea, akajitosa mzima mzima. Akasema ndicho hicho alichokuwa anakisema, ishirini na tisa wazima, kuku wake mia mbili walibaki na kiguru mmoja, sasa ushahidi gani tena unatakiwa, aje malaika na mhuri? Tena bila yeye wale wa buluu wangekwisha. Yeye ndiye aliyewaokoa.

Daktari akafunga daftari. Alisema haandiki hivyo. Hajui kama virusi vya safari hii vilikuwa vikali au vilegevu, kwa sababu hana hata kuku mmoja aliyeachwa bila dawa wa kumwonyesha. Huenda ni dawa iliyowaponya ishirini na tisa. Huenda ni bahati. Mtu mwenye kuku mia mbili akisoma ripoti hiyo ataacha kuwahi chanjo, atategemea majani, na siku ya nne atakuwa anachimba shimo na mtoto wa dada yake.

Kisha akamgeukia mjomba wake, na hapo ndipo Mjomba anaposema aliona uzee.

"Hao sita wa njano walikuwa na dozi yao kamili, Mjomba. Ukawapokonya nusu, ukampa Bi Harusi. Labda wote sita wangekuwa wanadona hapa. Mimi sijui ni mdondo uliowaua au ni huruma yako. Na wewe hujui."

Mjomba akauangalia ule wavu wa katikati, njano huku, buluu huku. Kwa siku tano alikuwa amehesabu aliowaokoa. Hakuwa amewahesabu hata mara moja wale aliowapunguzia. Akataka kutia neno la utani, akalitafuta mahali pote linapokaa, hakulikuta.

Mkuu wa kituo akainuka kwenye ndoo. Kwa aibu, au kwa heshima, akauliza kama ule unga umebaki. Daktari akajibu umo kwenye jokofu, unatosha kuku arobaini wengine, mara moja tu, baada ya hapo ni kuanza kukausha majani upya. Mkuu akahesabu kwa vidole, akasema watu wa samaki anaweza kuwapiga danadana hadi mwisho wa mwezi, wao na futi yao. Kuku ambao hawajaguswa wapo banda la pili. Siku saba nyingine, basi, na hazirudiwi. Lakini kwa sharti moja, na hapo akamwelekeza Mjomba kidole: huyu asikanyage tena mlango huu.

Mjomba hakujitetea kwa ajili ya kazi. Alisema tu kwamba mtu mgeni atawashika kuku kwa hofu, watapaliwa na dozi, watakufa kwa mapafu na si kwa mdondo, halafu hesabu itaharibika upya. Mkono kama wake kituoni hapo hakuna, na hilo mkuu alilijua, maana aliwahi kujaribu kumnywesha kuku mmoja mbele ya wageni na dozi yote ikaishia kwenye tai yake. Mjomba akaapa hatagawa tena. Alisema sasa anajua kugawa kunaua, amewaona sita.

"Hutagawa, sawa," mkuu akasema. "Lakini utaonja."

Mjomba akasema hataonja.

"Miaka arobaini unaonja. Unaonja mpaka vumbi la mbao. Utafika stoo saa kumi na mbili asubuhi, uko peke yako, na kidole unacho."

Akasema atafunga kidole bandeji. Mkuu akasema ana vidole kumi. Akasema atawekewa mlinzi. Mkuu akasema mlinzi yupi, yule anayelala? Wakaendelea hivyo, huyu anaapa na yule anakataa, mmoja akitaja kiapo cha marehemu mama, mwingine akitaja kanuni ya kituo na namba ya kifungu chake, hadi kuku wa buluu wakaanza kulalamika.

Daktari alikuwa ameshainama. Alimwokota Bi Harusi, akaiweka shingo iliyolala kwenye kiganja chake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamkabidhi mjomba wake, kwa kuwa kisu cha siku ya saba kilikuwa kazi ya mhudumu. Mjomba akampokea. Hata kubisha akasahau.

"Mkuu, mwache aonje," Daktari akasema akivua glavu. "Kosa langu niliagiza dumu lisilo na dawa liwe la maji matupu. Safari hii madumu yote mawili yatakuwa machungu."